Mstari wa Chini Mbele ya Jina

Basi lilikuwa limeshatoka stendi, limejipenyeza hadi barabara kuu, na Mzee Kistari alikuwa ameshavua viatu. Ndivyo alivyosafiri siku zote: kiti cha dirishani, viatu chini, begi juu, na ya nyuma yamekwisha. Alikuwa ameondoka hivyo mahali pengi. Kiwanda cha saruji, ofisi ya maji, shirika la vitabu vya shule lililokufa kabla halijachapa kitabu hata kimoja, na sasa hospitali, alikokaa miaka sita akiandika programu ya maabara. Asubuhi hiyo alirudisha kitambulisho, akapewa soda ya moto na hotuba ya dakika nne, akaaga. Jioni angekuwa kwa bintiye, aliyekuwa amemwambia kwenye simu kwamba chumba kiko tayari ila asije na tabia yake ya kupanga upya vyombo vya watu.

Jina la Kistari alipewa ofisini. Kila mfanyakazi mpya alikalishwa chini akaelezwa kwamba programu ni nyumba, ina sebule na ina chumbani. Kila kipande chake kina jina, na mwenzako akitaka kukitumia hukiita kwa jina hilo. Vipande vya sebuleni mzee alivipa majina ya wazi, kama majibu_ya_mgonjwa. Hivyo mtu wa idara yoyote akiita ataitikiwa, leo na mwakani, na aliyeviandika hana ruhusa ya kuvigeuza kienyeji. Vya chumbani alivitangulizia mstari wa chini, ule unaolala sakafuni kabla ya herufi ya kwanza: _panga_mirija, _soma_sinia. Maana yake hapa ni kwangu, usiniite kutoka nje, kesho naweza kuamka nikahamisha kitanda na sitakuuliza.

Mstari wenyewe hauzuii kitu. Kompyuta haiujali, anayeita kilicho chumbani huitikiwa sawasawa na anayeita kilicho sebuleni. Kulikuwa na wakati wakubwa walitaka vipande vile vifungwe kabisa, mtu wa nje asivifikie. Mzee ndiye aliyekataa. Alisema kikaoni kwamba kufuli ni la wezi, na wao pale ni watu wazima wanaojua kubisha hodi. Watu wakacheka, ikapita, ikawa sheria ya ofisi.

Sheria nyingine ya ofisi ilikuwa kwamba anayeacha kazi hufagia chumbani kwake. Kwa nini? Kwa sababu akishaondoka hakuna atakayethubutu kugusa. Basi saa nne asubuhi, kabla ya ile soda, Mzee Kistari alikuwa amefagia. Alinyoosha vipande saba, vyote vyenye mstari, akapitia kila mahali ndani ya programu yake panapoviita, akahakikisha vinaitikiana, akaipandisha kwenye seva, akajipongeza kimoyomoyo.

Simu ililia basi likiwa kwenye foleni ya magari. Alikuwa Umeme, binti wa ofisi ya pili, mwandishi wa programu ya skrini za wodini. Waliitana babu na mjukuu ingawa hawakuwa na udugu wowote, na utani wao ulikuwa wa kila siku. Umeme alilalamika kwamba babu kaondoka bila kumuaga, kwamba wazee wa siku hizi hawana haya, kwamba soda yake ameinywa yeye. Kisha akasema kwa kuwa sasa babu yuko mbali na fimbo haimfiki, ana dhambi moja ya kutubu.

"Ile _soma_sinia yako, babu. Mwaka mzima naiita mimi."

Mzee alikaa wima. "Unaiita kutoka wapi?"

"Kutoka skrini za wodi. Nisamehe. Njia yako ya mbele inasubiri mkuu wa maabara atie saini, dakika arobaini, madaktari wananipigia kelele. Nikachungulia chumbani kwako, nikakuta majibu yameshafika, yamelala tu. Nikayachukua. Nimeandika pale juu ya skrini kwamba ni ya awali."

Alikuwa bado anacheka. Mzee hakucheka. Alimuuliza kama skrini zimepokea majibu yoyote tangu saa nne. Umeme akasema ndiyo, sinia la wodi ya wanawake limeingia saa tano na nusu, watu kumi na wawili.

Sinia lile ni bamba lenye matundu ambamo mirija ya damu husimama ikisubiri mashine. Tundu la kwanza halina damu ya mtu. Hukaa mrija wa maji maalum ambao mashine hujipimia nao. Tangu zamani _soma_sinia ilikuwa ikiutupa mrija huo kimyakimya na kurudisha majibu ya wagonjwa peke yao, wa kwanza hadi wa mwisho. Asubuhi hiyo, katika kufagia, mzee aliona kazi ya kutupa ingekaa vizuri zaidi hatua moja mbele. Akaihamisha. Sasa _soma_sinia ilirudisha sinia zima, pamoja na yale maji. Ndani ya nyumba yake kila anayeiita alishaambiwa. Umeme hakuambiwa, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba yumo.

"Wewe unayapangaje kwenye vitanda?" aliuliza, na jibu alilijua.

"Wa kwanza kitanda cha kwanza, wa pili cha pili. Si mnapanga hivyo hivyo mirija?"

Basi majibu yamesogea. Kitanda cha kwanza kimepewa majibu ya maji, cha pili kimepewa ya cha kwanza, cha tatu ya cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa wodi. Kila mgonjwa amevalishwa majibu ya jirani yake, na skrini imeyaonyesha kwa herufi safi, bila doa.

Alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili zikasikika pumzi za mtu anayetembea huku na huku.

"Zima skrini," mzee alisema.

"Nikizizima wataniuliza sababu."

"Waambie."

"Niwaambie nini, kwamba nilikuwa naiba? Babu, ungefunga tu. Ungeweka kufuli, nisingeweza kuingia hata ningetaka. Leo ningekuwa nasubiri dakika arobaini kama watu wengine."

"Mstari niliuweka. Unaijua maana yake kuliko mtu yeyote pale, nilikufundisha mwenyewe."

"Na wewe siku ya mwisho ya kazi unahamisha vitu bila kumuuliza mtu?"

"Vya kwangu. Vya kwangu, mjukuu wangu. Ndiyo maana ya mstari."

Abiria wa kiti cha pili alikuwa amegeuka kumtazama. Mzee alikuwa na haki. Angeweza kuitetea hata mbele ya hakimu, na alitamani kuitetea pale pale, neno kwa neno. Na wakati anaitetea, saa ya basi juu ya kichwa cha dereva ilitoka dakika ya kumi na nne ikaingia ya kumi na tano. Saa sita na robo. Majibu yana dakika arobaini na tano wodini.

"Haya," alisema. "Tuyaache hayo. Zima, halafu chukua ile orodha iliyokuwa kwenye skrini, shuka nayo maabara kwa Mama Maabara, yule mkuu anayetia saini. Yeye anayo ya kweli. Linganisheni kitanda kwa kitanda, akuonyeshe ni nani amekaa pabaya. Nipigie ukiwa hapo hapo."

Kuzima skrini kulikuwa kwepesi. Kilichomtisha mzee ni kwamba wauguzi wa wodi ile hawakuuamini umeme wa hospitali, uliokatika ovyo, na walikuwa na mazoea ya kunakili kila jibu kwenye karatasi ya miguuni pa kitanda mara tu linapotokea. Skrini ikizimwa, karatasi haizimiki. Daktari husoma karatasi, huandika dawa chini yake, huenda kitanda kinachofuata.

Alipiga simu ya wodi. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, saa ambayo wodi hujaa ndugu na mabakuli na hakuna anayesikia simu. Foleni ilikuwa imelisogeza basi kidogo kidogo, na dirishani mzee aliona ukuta wa rangi ya majivu anaoujua vizuri. Lilikuwa jengo la zamani la hospitali, lenye wodi za wanawake, ng'ambo ya barabara kutoka maabara na ofisi.

Umeme alipiga. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alisema Mama Maabara amepitia yote, na wengi hawana neno, tofauti ni ndogo, hakuna atakayedhurika. Kisha Mama Maabara mwenyewe akamnyang'anya simu. Yeye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha.

"Kitanda cha nane. Mshonaji, mwenye figo. Potasiamu yake ni sita nukta moja, imepanda kupita kiasi. Kwenye orodha ya huyu binti imeandikwa mbili nukta sita, ya jirani yake wa kitanda cha saba. Mbili nukta sita daktari akiiona ataamini imeshuka, ataagiza aongezewe kwa dripu. Huyu akiongezewa, moyo unasimama. Napiga wodini hawapokei. Uko wapi wewe?"

"Nje ya ukuta wao."

"Basi unangoja nini?"

Mzee alichomeka miguu viatuni bila kufunga kamba. Dereva alisema hapa si kituo. Kondakta akamuuliza kama ana begi. Akasema analo, na akashuka bila begi. Magari yalikuwa yamesimama. Akapita katikati yake mkono mmoja ukigusa boneti za watu kama kipofu, akafika langoni.

Langoni kulikuwa na msururu wa wageni, watu thelathini au zaidi, na askari yule yule aliyemtania asubuhi kwamba sasa anakwenda kula pensheni na wajukuu. Mzee alipita pembeni ya msururu. Watu wakanung'unika. Askari akanyoosha mkono, si kwa ubaya, akamwambia mzee wangu, wewe umeshatuaga, kitambulisho huna, panga mstari kama wenzako. Mzee akasema anakwenda kitanda cha nane wodi ya wanawake. Askari akatazama daftari lake.

"Kitanda cha nane kina mgeni tayari. Dada yake. Sheria mgeni mmoja."

Hapo mzee alihisi hasira ikimpanda, na kilichomkera zaidi ni kwamba askari alikuwa sahihi. Alishika ukingo wa meza. Akasema polepole, ili kila neno lifike, kwamba mgonjwa huyo amepewa majibu ya mtu mwingine, kwamba huenda muda huu anatiliwa dawa ya kumuua, na kwamba kama askari anataka amfunge pingu amfunge, ila amfunge huku wanatembea.

Askari alimtazama kamba za viatu. Akamwita mwenzake ashike lango, akatangulia yeye.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Mzee alizijua kwa kuwa ndizo alizopandishia nyaya miaka sita iliyopita, na kila moja ilimwambia umri wake. Simu mfukoni ililia, akaiacha. Mlangoni mwa wodi palikuwa na mwanamke amebeba mtoto usingizini. Askari akamsogeza kwa mkono. Ndani kulikuwa na makelele ya saa ile, vicheko, vijiko, mtu anakohoa. Mzee alihesabu vitanda kwa sauti. Saba. Nane.

Mshonaji alikuwa mwanamke wa makamo, uso umevimba kidogo, macho wazi. Dada yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimsimulia habari za jirani fulani aliyehama usiku na mlango wa watu. Juu ya kichwa, kwenye chuma, ulining'inia mfuko wa maji, na ubavuni mwa mfuko muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu nene kilichoongezwa ndani. Mzee alisoma: potasiamu. Akatazama kichupa kidogo chini ya mfuko, maji yanamodondokea. Tone. Tone. Karatasi ya miguuni ilisema wameanza saa sita na dakika nane.

Alitafuta muuguzi. Sista alikuwa mwisho kabisa wa wodi, mgongo huku, ameinama juu ya mgonjwa mwingine. Askari alimwita. Hakusikia. Kutoka kitanda cha nane hadi kule palikuwa na ndugu za watu, viti, ndoo.

Mzee hakuwa ameshika kitu cha hospitali maisha yake yote zaidi ya kompyuta na nyaya zake. Dripu ilikuwa ya wauguzi. Mtu wa nje haigusi, hata fundi, hata mchungaji, hata mume. Alijua hivyo na alikubaliana na hilo. Kwenye mrija palikuwa na kigurudumu kidogo cheupe cha kuongeza na kupunguza. Hakujua kinazungushwa upande gani.

Tone lingine likaanguka.

Akakishika akakizungusha chini. Matone yakakimbia, matatu kwa mpigo. Dada mtu akasimama. Mzee akazungusha upande wa pili mpaka kikagoma, na tone la mwisho likabaki limening'inia, halianguki.

"Unafanya nini wewe?" dada mtu alisema. "Sista! Sista, kuna mtu anachezea maji ya mgonjwa!"

Hiyo Sista aliisikia. Alikuja akipangua viti, mwanamke mfupi mwenye saa imebandikwa kifuani, na mkono wake ulikuwa umeshaelekea kwenye kigurudumu kukifungua. Mzee akaweka kiganja chake juu ya kigurudumu.

"Nani kakuruhusu kugusa hapa?"

"Hakuna."

"Toa mkono."

"Sista, majibu mliyoyasoma si ya huyu mama. Ni ya kitanda cha saba. Yake ni sita nukta moja. Mama Maabara anayo mkononi, anawapigia simu hampokei."

"Skrini imetuonyesha mbili nukta sita. Daktari ameona, ameagiza. Wewe nani?"

Angeweza kumweleza. Angeweza kuanza na sebule na chumbani, mstari na maana yake, nani aliingia pasipo hodi na nani alikuwa na haki ya kuhamisha kitanda chake. Kila neno lingekuwa kweli, na lingechukua dakika tano.

"Mimi ndiye niliyeandika programu," alisema. "Nimeikosea asubuhi hii. Kosa ni langu. Piga simu."

Sista akauchomoa mrija kutoka mkononi mwa mshonaji, harakaharaka, akabana pamba, akamwagiza dada mtu ashikilie hapo na asiulize, akaenda kwenye simu akikimbia. Mzee alimsikia akisema sita nukta ngapi, na kisha hakumsikia tena, kwa sababu daktari kijana aliingia akisukuma mashine ya kupimia moyo, na wakaanza kumfukuza kila mtu.

Mshonaji alikuwa akimtazama mzee. Alisema kifua kinamfanya kama kuna ndege ndani. Akauliza kama ndivyo inavyokuwa. Mzee akamwambia hajui, yeye si daktari. Askari akamshika bega akamtoa nje.

Walikaa kwenye benchi la korido, mzee na askari na dada mtu, ambaye alikuwa bado ameshika pamba hewani. Umeme alipanda ngazi akihema, akakuta benchi limejaa, akakaa sakafuni miguuni pa mzee. Hakuna aliyemuita mwenzake babu wala mjukuu. Umeme alisema atawaambia wakubwa ni yeye. Mzee akamwambia aseme lake, na yeye atasema lake, na asichanganye. Ndani mashine ililia kwa mwendo usio sawa, ikanyamaza, ikalia tena. Dada mtu aliuliza mara tatu wanasubiri nini. Mara ya tatu mzee alimweleza yote, tangu tundu la kwanza la sinia, na yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akahamia upande mwingine wa benchi.

Saa saba na dakika ishirini daktari alifungua mlango akasema moyo umetulia.

Mshonaji alikaa hospitali siku kumi na moja zaidi. Figo hazikupona, lakini alirudi nyumbani, na anashona nusu siku. Dada yake aliandika barua ya malalamiko yenye kurasa nne, ikajibiwa kwa aya moja. Mgonjwa wa kitanda cha saba, ambaye potasiamu yake ndiyo iliyokuwa imeshuka kweli, alipata dripu yake saa nane mchana, akaruhusiwa wiki iliyofuata bila kujua lolote. Askari alikemewa kwa kuingiza mtu asiye na kitambulisho na akahamishiwa lango la nyuma. Daktari kijana alikwenda masomoni.

Uchunguzi ulichukua miezi miwili. Ripoti ilisema Umeme alivuka mstari uliokuwa wazi, na kwamba mzee alibadilisha kilicho chake bila kutafuta kwanza nani anakitumia, ingawa sheria ya ofisi haikumtaka atafute. Mzee alisoma, akatia saini, hakuandika chochote kwenye sehemu ya utetezi. Umeme alipewa barua ya onyo, akafanya kazi pale mwaka mmoja zaidi, kisha akaenda kampuni ya bima. Hawapigiani simu sana. Mistari ya chini ilibaki, na vipande vya maabara vikafungwa kabisa. Mama Maabara aliongezewa mtu wa kutia saini, na majibu sasa hufika wodini kwa njia ya mbele baada ya dakika ishirini na tano.

Begi lilifika kwa bintiye siku moja kabla ya mwenyewe. Mzee Kistari alikaa huko miezi minane, kisha akaondoka tena, kwenda kufundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi cha mji mwingine, siku tatu kwa wiki.